Driciru Aliomba Folda Moja, Nikampa Barua Pepe Yote

Sifichi, maana ofisi yetu nzima hapa Arua inajua: aliyeharibu ni mimi, tena mimi ninayejiita fundi wa kompyuta (cheo nilijipa mwenyewe).

Nilikuwa natoka kwenda Koboko siku tatu, kuwaandikisha wakulima wa Lobule wanaotaka mbegu, na Driciru, tunayekaa naye meza moja, alihitaji kitu kimoja tu kwenye barua pepe yangu, folda ya wakulima, basi. Kumfungulia folda moja ni kazi ya dakika mbili, lakini mimi na haraka zangu nikaona nimpe ruhusa zote kabisa, asome, ajibu, atume kwa niaba yangu, nikamwambia, "Dada, hii ndiyo njia ya wataalamu."

Sasa, ndani ya rasimu kulikuwa na barua kwa mkuu wetu, Mzee Adriko, niliyoiandika siku aliyoninyima likizo, kupoza hasira tu, si ya kutuma (nani angethubutu?). Ilisema mikutano yake ni mirefu hata mbuzi wa kijijini Ajia wangeomba ruhusa ya kutoka.

Driciru, mtu wa kusaidia, akaona barua ya kwenda kwa mkuu imelala, juu imeandikwa "Kuhusu mikutano", akadhani nimesahau, akaituma bila kuisoma, na jina lake likatokea juu kama mtumaji kwa niaba yangu.

Niko Lobule katikati ya wakulima, simu ikalia, nami kwa kujivuna nikaweka spika ili wasikie ninavyotafutwa.

"Mbuzi ya Ajia iko nasubiri wewe hapa!" mkuu akanguruma. "Na Driciru? Muliandika pamoja? Jina yake iko hapa juu!"

Wakulima walivunjika mbavu. Mama mmoja akaniambia, "Mutu mukubwa ya ofisi, leo utakula majani."

Aibu yangu ningeimeza, lakini Driciru alikuwa anangoja mkataba mpya wiki hiyohiyo. Nikachukua boda hadi Koboko mjini, kisha gari hadi Arua, nikaingia kwenye mkutano wa ofisi na vumbi langu, nikasema mbele ya wote kwamba kila neno ni langu, na kosa la kutoa ruhusa nyingi ni langu pia.

Mkuu akaamua: "Driciru hana makosa. Wewe, andika barua ya kuomba musamaha. Hiyo ndiyo utume."

Driciru alipata mkataba (salamu zake nilizikosa wiki nzima). Mimi siku hizi anayetaka folda nampa folda, na hasira zangu naziandika kwenye karatasi, kisha naichana mwenyewe.