Mchwa Nyuma ya Picha

Picha ilikuwa sebuleni, kwenye ukuta wa magharibi, na kuifuta vumbi ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila Jumamosi asubuhi. Mume wangu aliichora zamani, tulipokuwa bado tumepanga Mpwapwa, yeye akifundisha sekondari na mimi nikiwa muuguzi wa zahanati. Aliichora kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kahawia ambao watu hupigia dari. Ni korongo la mchanga wakati wa kiangazi. Mwanamke mmoja ameinama ndani ya shimo anachota maji kwa kata. Mwingine amekaa mchangani, ametupa kisogo, anasubiri zamu yake. Upande wa kushoto kuna punda amesimama na madumu mgongoni.

Niliwahi kumuuliza yule aliyekaa ni nani. Alinijibu, "Ni mtu anayesubiri maji." Hakuwa mtu wa kueleza picha zake.

Lakini namna ya kuitunza alinieleza mara nyingi. Nisipitishe kitambaa kibichi juu yake hata siku moja. Nitumie brashi laini, nianzie juu nikishuka chini, bila kukandamiza. Brashi yenyewe ilikuwa ile aliyokuwa akipakia sabuni ya kunyolea ndevu. Pazia la dirisha la mashariki nilifunge mapema, kwa sababu jua la asubuhi lingeingia moja kwa moja mpaka ukutani na kuila rangi. Hapa Dodoma, tulikohamia baadaye, ukifuta meza asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole, kwa hiyo picha ile haikuniacha nikae bure.

Alipofariki, watoto walikuja, ndugu walikuja, majirani walipika uani, halafu wote wakarudi makwao. Kijana wangu yuko Mwanza, binti yangu yuko Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimeshastaafu. Nilianza kugundua kwamba siku inaweza kupita nikiwa sijafungua mdomo isipokuwa kumsalimia muuza mboga getini. Jumamosi ilikuwa tofauti. Nilisimama juu ya kigoda na brashi, nikashuka taratibu kutoka mbinguni mpaka mchangani, na kwa muda ule nilikuwa na mtu wa kumfanyia kazi.

Mwaka jana binti yangu alijifungua, nikaenda kumuuguza uzazi. Nilifunga nyumba, nikamwomba jirani anitazamie. Nilikaa Dar muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu mtoto alikuwa hanyonyi vizuri, na kwa kweli kwa sababu nyumba ile ilikuwa na kelele na nilizipenda. Nilirudi mwishoni mwa kiangazi, wakati upepo wa mchana unabeba udongo mwekundu na kuupenyeza chini ya mlango hata ukiweka tambara.

Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha, imefunikwa vumbi tu. Nilifagia, nikapiga deki, nikafikia picha. Kwa mbali ilikuwa nzima. Niliona mstari mwembamba wa udongo umepanda ukutani kutoka sakafuni na kupotelea nyuma ya fremu, nikadhani ni uchafu. Nikapanda kigoda, nikagusa anga kwa brashi.

Brashi ikazama.

Ilitoa sauti ndogo kama jani kavu linalokanyagwa, na pale angani pakawa na tundu. Ndani ya tundu niliona udongo, na juu ya udongo mchwa weupe wakiukimbia mwanga. Nilishuka nikakaa sakafuni. Baadaye niliishusha kwa mikono miwili kama ninavyoshusha mgonjwa kitandani, nikailaza mezani na kuchungulia nyuma. Hadibodi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki sehemu kubwa kilikuwa udongo wa mchwa, na juu yake ile ngozi ya rangi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Picha nzima ilikuwa imesimama juu ya hewa.

Nilimpigia kijana wangu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mama, si una picha yake kwenye simu? Nitumie, nitaiprinti kubwa, hata uone haina tofauti."

"Hiyo itakuwa picha ya picha," nikamwambia.

"Sasa Mama unataka tufanyeje?"

Nilimuaga, nikakata simu. Fundi wa fremu wa kule sokoni naye alikuja, akaitazama, akatikisa kichwa. "Hii ishakwisha, mama yangu. Ukiinyanyua inamwagika. Nikutengenezee fremu ya alminiamu uweke picha ya familia." Alisema kwa upole, na hata hakutaka nauli.

Wiki hiyo sikuigusa. Nilikula chakula changu jikoni nimesimama, kwa sababu meza ilikuwa ya picha. Ndipo nikamkumbuka rafiki wa mume wangu, mwalimu mwenzake wa sanaa, aliyebaki Mpwapwa baada ya sisi kuhama. Kama kulikuwa na mtu wa kujua cha kufanya, ni yeye. Lakini sikuwa nimezungumza naye tangu msiba, kwa sababu msibani hakuja. Walikuwa kama ndugu wawili, walikula sahani moja, na siku ya kuzika sikumwona. Sikumpigia kumuuliza, naye hakunipigia. Moyoni nilikuwa nimeshamfuta.

Namba yake haikupatikana tena. Nikapanda basi asubuhi mpaka Mpwapwa, nikachukua bodaboda kutoka stendi. Nyumba niliikuta palepale, yeye amekaa barazani anachambua kunde kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Alinitazama kwa muda kabla hajanitambua, ungo ukamteleza magotini.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba. Marahaba, shemeji. Karibu. Ingia ndani, nje kuna jua."

Mkewe alikuwa amehamia kwa binti yao Morogoro karibu na hospitali, yeye akabaki kulinda nyumba na mbuzi wachache. Alinitengenezea chai mwenyewe, na niliona vikombe vikigongana mikononi mwake. Nilimweleza habari ya picha. Nilipomaliza aliniuliza, "Punda yupo?"

"Punda ndiye ameharibika zaidi. Miguu ya nyuma hana kabisa."

Akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Punda huyo ni wangu. Mwenzangu alikuwa hawezi kuchora wanyama. Punda wake walikuwa wanafanana na mbwa. Alinipa brashi nikamchora mimi, tukakubaliana asijue mtu." Akaongeza, "Kwa hiyo mchwa wamenila mimi, wamemwacha yeye."

Sikuweza kucheka. Nikamuuliza lile nililolibeba tangu siku ya mazishi. "Shemeji, mbona hukuja kumzika?"

Aliweka kikombe chini. Nje mbuzi walikuwa wakilia.

"Nilikuja," akasema. "Nilifika mpaka stendi ya Dodoma. Nikakaa pale kwenye benchi na begi langu. Nikajiambia nikipumzika kidogo nitapanda gari nije kwenu. Miguu ikakataa, shemeji. Nilikaa mpaka basi la kurudi likawa linaita abiria, nikapanda. Tangu hapo kila nikitaka kukupigia nashindwa nianzie wapi."

Nilikuwa nimebeba maneno makali kwa muda mrefu na nilipoyatafuta sikuyaona. Nilimwazia amekaa stendi peke yake na begi mapajani, wakati mimi nimezungukwa na watu nyumbani, na wote wawili tunamlilia mtu mmoja. Nikamwambia, "Basi njoo sasa."

Alikuja keshokutwa yake, amevaa koti la kazini la zamani. Alipofika sebuleni hakukaa. Aliinama juu ya picha, uso wake karibu kuigusa, akaizunguka meza nzima. Kisha akaomba unga wa ngano, karatasi zile laini nyeupe wanazojaza kwenye maboksi ya viatu, kitambaa cha amerikani na gundi nyeupe ya mbao.

"Kwanza tuifunge uso," akasema. "Kama unavyofunga kidonda."

Hilo nililielewa. Tulipika uji mwembamba wa ngano, tukauacha upoe. Tukapanga vipande vya karatasi juu ya picha na kuvipaka uji kwa brashi ya ndevu, kipande baada ya kipande, mpaka wanawake na mchanga na anga vyote vikapotea chini ya weupe. Mikono yake ilitetemeka mno, kwa hiyo yeye alielekeza na mimi nikapaka. Mikono yangu imefunga majeraha miaka mingi. Aliniambia mkono wangu ni mtulivu kuliko wa mume wangu, ambaye alikuwa na papara, na nilifurahi kumsikia akimsema.

Karatasi zilipokauka tuliweka ubao juu, tukashika pande mbili, tukaigeuza. Hapo mgongo wake ukawa juu. Tulikaa na kazi hiyo siku kadhaa: kupangua udongo kwa kijiko, kuchomoa mabaki ya hadibodi kwa kibano changu cha zahanati, kupuliza vumbi. Mchwa nilishawamwagia dawa. Ilifika mahali nikaona rangi yenyewe kutoka nyuma, upande ambao hakuna aliyewahi kuuona tangu siku ilipopakwa. Hakukuwa na mwanamke wala korongo, ni mabaka tu ya kahawia na njano.

Alilala chumba cha kijana wangu. Asubuhi nilimsikia akikohoa uani, akinawa, akiwasalimia majirani waliopita. Tulikunywa chai, tukafanya kazi, mchana tukala ugali na mlenda, tukaendelea. Aliniambia mambo ya mume wangu ambayo sikuyajua: kwamba chuoni aliwahi kufukuzwa bwenini kwa kuchora ukutani, kwamba alikuwa akiogopa nyoka mpaka wa plastiki. Na mimi nilimwambia jinsi alivyokufa. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza hilo kwa utaratibu, mwanzo mpaka mwisho.

Tulibandika amerikani nyuma kwa gundi, na juu yake ubao mpya uliopakwa dawa, tukaweka matofali ili ushike. Kisha tukaigeuza tena. Kubandua karatasi ndiyo kazi iliyonitoa jasho, kwa sababu safari hii hatukuwa na budi kutumia maji. Nilikamua sponji mpaka ikabaki na unyevu tu, nikalainisha kidogo, nikavuta kidogo. Mwanamke wa shimoni akatokea. Kikatokea kisogo cha yule anayesubiri. Angani palikuwa na pengo kubwa kuliko tundu la brashi yangu, na punda alikuwa amebaki kichwa, masikio na dumu moja. Mahali pengine amerikani ilionekana nyeupe.

"Nikuchoree punda upya?" akauliza. Alikuwa ameshika brashi, na sote tulikuwa tunaitazama ikitetemeka.

"Wewe unaonaje?"

Aliiweka chini. "Atakuwa punda mwingine. Acha. Tuzibe weupe tu usichome macho."

Alichanganya rangi ya mchanga kwa makini sana, akaniachia nipake, tambarare, bila kuigiza chochote. Ukikaa mbali huoni kitu. Ukisogea unaona panapoishia kazi ya wale marafiki wawili na panapoanzia ya mchwa.

Hatukuirudisha ukuta wa magharibi. Ule ni ukuta wa nje, unapata joto, na udongo uko karibu na msingi. Tuliihamishia ukuta wa kati, kati ya sebule na chumba changu, na nyuma ya fremu tukabandika vipande vya ndala kuukuu kwenye kona ili isigusane na ukuta na hewa ipite.

Nilimsindikiza stendi kesho yake. Alitaka kunionyesha benchi alilokaa siku ile, lakini stendi ilikuwa imebadilika na hatukuliona. Basi lilipoanza kuita abiria wa Mpwapwa alinipa mkono, akaushika wangu kitambo. "Shemeji, uangalie nyuma kila mwezi," akasema. "Usiangalie mbele tu."

Nilirudi nyumbani na jua bado lipo. Niliosha vikombe viwili. Nilikaa kwenye kochi nikatazama picha, na nikagundua kwamba siku zile zote nilikuwa nikiogopa itaharibika, kumbe nilichopaswa kuogopa ni kumalizika kwa kazi.

Hajaja tena. Macho yake yamezidi kufifia, na safari zinamchosha. Hunipigia siku za Jumapili mchana kwa simu ya mpangaji aliyempangisha chumba cha uani. Huuliza kwanza imekaaje. Namwambia imekaa vizuri, rangi haijapasuka, hakuna udongo. Huuliza kama nimetazama nyuma. Namwambia nimetazama. Baada ya hapo huwa hatuna mengi ya kusema, lakini hakati simu, na mimi sikati. Nasikia mbuzi wake, naye nadhani anasikia upepo wangu mlangoni, mpaka salio linapokwisha.