Miguu ya Eneless, Mkunga wa Nchelenge

Mtu akija mbio kumwita Eneless kwa mwanamke mwenye uchungu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmekuja kwa njia gani?" Wageni walidhani hajali. Wenyeji wa Nchelenge walijua kwamba anachagua viatu.

Mchanga wa ufukoni mwa ziwa kuelekea Kashikishi aliukanyaga peku, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye ndara huchubua katikati ya vidole. Kwenye matope ya mafunjo alikwenda peku vilevile, lakini alijipaka mawese hadi magotini ili ruba wakose pa kushika. Barabara nyekundu ya changarawe ilitaka ndara za mpira wa gari, alizokatiwa na fundi Ackson kwa kipimo cha unyayo wake. Kiangazi, watu wakishakata matete na kuchoma yaliyobaki, alivaa mabuti ya mumewe aliyoyaacha likizoni, akijaza matambara kwenye ncha kwa kuwa yalimpwaya. Kwa miaka kumi na minne hakuna mzazi aliyemsubiri kwa sababu ya mguu.

Kasonde, mumewe, alikuwa mgodini Elisabethville, ng'ambo ya mpaka, miaka hiyo karibu yote. Mwaka 1956 mgongo ulimharibikia, akarudi nyumbani kabisa. Siku ya kwanza kanisani mzee mmoja alimshika mkono kwa furaha: "Kumbe wewe ndiye mume wa Eneless!" Kasonde alicheka, ila hakusahau. Mgodini alikuwa mtu mwenye jina lake.

Mwezi wa Juni alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama mama na baba wa kwao waitanavyo, akasema kwa Kiswahili cha mgodini, kama alivyofanya kila alipotaka neno lake liwe amri.

"Bana Kingsley, nimerudi. Bibi wa mutu hatembei na wanaume wa watu kwenye njia."

"Natembea kwa wake zao, Bashi Kingsley."

"Miye nimesema."

Alikusanya ndara na mabuti, akavitia kwenye sanduku la bati, akafunga kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba.

Eneless hakugombana. Alikwenda kwa mwinjilisti Patson, akaambiwa avumilie, mume ni kichwa. Akavumilia. Waliokuja kumwita Eneless, Kasonde aliwajibu mwenyewe mlangoni: mkunga ameacha kazi. Eneless alikuwa ndani akitwanga mihogo, akisikia hatua zao zikirudi walikotoka, na kila hatua ilimwangukia kifuani. Alimwomba mumewe asubuhi, akamwomba baada ya chakula, akamwomba kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Kasonde hakupiga wala kutukana. Alitikisa kichwa tu.

Agosti, saa sita mchana, alifika mvuvi aitwaye Jairos, miundi yake imejaa masizi na damu. Mkewe Dorica alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto hasogei.

Eneless alitoka nje kabla mumewe hajajibu. "Mmekuja kwa njia gani?"

"Kwenye matete, mama. Wamechoma juzi. Tukizunguka ufukoni, jua litazama tukiwa njiani."

Eneless alimgeukia mumewe. "Nipe mabuti, Bashi Kingsley. Leo tu."

Kasonde alitazama chini. Ufunguo ulining'inia kifuani pake, na mwanamume mwingine alikuwa anamwangalia. "Nilisema kitu, nikakimaliza," alijibu.

Basi Eneless alipasua kitenge chake cha zamani, akajifunga vipande miguuni, akachukua kikapu chake cha uzi na wembe, akatangulia.

Shamba la matete lililochomwa ni shamba la misumari. Visiki vilivyokatwa mshazari hugeuka vigumu kwa moto, na majivu huvifunika. Kitenge kilichanika kabla hawajafika katikati. Alipokuwa anakimbia baada ya kuuona moshi wa nyumba ya Jairos, kisiki kilimwingia unyayo wa kushoto kikachomoza karibu na kidole gumba. Aliketi, akauchomoa mguu kwa mikono miwili, akamwambia Jairos asimtazame, wakaendelea.

Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Eneless alimgeuza taratibu, akiimba kwa sauti ndogo ili Dorica asisikie meno yake yakigongana. Jua lilipofika usawa wa maji alizaliwa msichana, kitovu kimemzunguka shingoni, akanyamaza, kisha akalia. Hapo ndipo Eneless alipoutazama mguu wake.

Upepo wa mchana ulipotulia ziwani, Jairos alimrudisha kwa mtumbwi. Siku ya tatu Kasonde alifungua sanduku, akaleta mabuti kitandani, lakini mguu uliovimba haukuingia. Alimpakia kwenye baiskeli, akaisukuma kwa siku mbili hadi hospitali ya misheni, yeye na mgongo wake mbovu. Huko walikata vidole vitatu.

Tangu hapo Eneless aliweza kufika jikoni na chooni. Kasonde alimchotea maji ziwani, kazi ambayo wanaume wenzake waliicheka, na alimkanda mguu kwa maji ya chumvi kila jioni.

"Sasa upumzike," alimwambia.

Majirani walimsifu: mume gani kama huyu? Hilo ndilo lililomkaba Eneless. Mtu aliyemfungia viatu, yeye angeweza kumchukia kwa sauti. Mtu anayemwosha mguu angemchukia vipi?

Wanawake walianza kuletwa kwake, kwa baiskeli na kwa mitumbwi, wengine kutoka kisiwa cha Kilwa, ziwani humo. Si wote waliofika wazima. Habari za walioishia njiani alizipata akiwa amekaa mkekani. Mwaka 1958 Kasonde, bila kuombwa, alianza kujenga chumba cha kujifungulia wanawake kando ya nyumba. Alikuja kumwonyesha mkewe mahali pa mlango, upande wa uani.

"Unasema nini?"

Eneless hakumshukuru. Alijikongoja hadi kwenye ukuta mbichi.

"Mlango ugeuze," alisema. "Utazame barabara."