Cheni ya Ndani ya Pikipiki ya Mama

Enzi zetu pale Igogo, Jumamosi haikuwa siku ya kulala. Ukimaliza uji unaitwa uani kuosha pikipiki ya Mama, kuukuu kuliko sisi sote, iliyomfikisha kwa wajawazito tangu alipoanza unesi. Harufu ya oili ikichanganyika na ya sato wa kukaanga, sisi tulijiona matajiri.

Ndani ya injini mlikuwa na cheni fupi ya kupeleka nguvu kwenye klachi, na chini yake kipande cha chuma kilichopinda, cha kuizuia isilegee. Mama alikikaza mwenyewe kwa skrubu. "Koku, ingiza kidole. Inacheza?" ananiuliza. Ikicheza kidogo, anafunga. "Cheni ni kama mtoto," alizoea kusema, "hata ukiibana, iachie pumzi."

Kisha biashara zikafunguliwa, maduka ya mjini yakajaa vipuri. Baba, mwalimu asiyejua spana, akaleta zawadi: kikaza cheni cha kisasa, chenye springi na meno.

"Mama Koku, hiki kinajikaza chenyewe. Sasa pumzika."

Mama akakifunga, kwa kuheshimu zawadi.

Siku moja akaitwa Nyegezi, mjamzito kashikwa na uchungu. Nami nilipakiwa nyuma, nikienda kwa shangazi. Njiani pikipiki ikalia kama mbuzi aliyekabwa, ikazima. Mama akachukua bakuli langu la matobolwa, akavimimina vile viazi vikavu kwenye kanga, bakuli akakingia oili. Alipofungua kifuniko, cheni ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze.

"Kumbe kinajua kwenda mbele tu! Injini ikipata moto cheni inabana, chenyewe hakirudi."

Akatoa kile cha zamani kwenye mfuko wa spana, akakifunga huku midomo ikisali, akarudisha oili. Tukawahi. Mtoto wa kike akazaliwa salama, nami nje nikala matobolwa yenye harufu ya oili, matamu ajabu.

Baba aliposikia aliinamisha kichwa. Mama akacheka. "Zawadi nimeipokea, Baba Koku. Jumamosi njoo nikufundishe kukaza." Akaja kweli, kakunja mikono ya shati.

Vijana wa leo, pikipiki ikigonga wanaongeza sauti ya redio. Vikaza vya sasa vimeboreshwa, sikatai. Lakini ni mzazi gani anayeita watoto waguse cheni kwa vidole vyao? Mama amezeeka, spana haishiki tena. Kila nikivuka ziwa kutoka kwangu Sengerema, nampa shikamoo nikiwa nimeishika mikono yake, na siiachii upesi.