Jicho la Baba Mkwe

Watu wakinisifu kwamba nilikuwa nesi jasiri, hujizuia nisiwacheke. Nesi jasiri! Mimi niliyempima mgonjwa huku nimeukodolea ukuta.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka wangu wa pili wa mafunzo katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Korogwe. Kwetu ni Kang'ata, na nilikuwa nimeshaposwa na kijana wa Mashewa. Binti aliyeposwa hamtazami baba mkwe usoni. Wakikutana njiani anachepuka, na akishindwa anapiga magoti na kuinamisha macho. Bibi yangu alinifundisha hilo kwa fimbo. Sista, yule Mzungu aliyetufunza uuguzi, naye alitufundisha kwa ukali wake: funika jicho zima, lile lisiloumwa, inua vidole, mgonjwa ahesabu. Mulika tochi kutoka pembeni uone kama mboni inasinyaa. Pindua ukope juu ya kijiti utafute uchafu.

Asubuhi moja Sista na daktari waliondoka kwa lori kwenda Handeni, nikaachiwa wagonjwa wa nje. Wa tatu kuingia alikuwa baba wa mchumba wangu, kajifunga kitambaa jicho la kulia. Mwiba wa mkonge ulikuwa umemchoma shambani juzi yake.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hakuna mwingine wa kunitazama?"

"Hakuna, baba."

Nikamwomba afungue kitambaa, afunike jicho zima kwa kiganja. Nikainua vidole, uso nimeugeuzia ukutani.

"Viwili," akasema, na kweli vilikuwa viwili. Nikainua vitatu, akapata. Tochi niliielekeza nilikodhani jicho lipo, nikaizima upesi. Ukope sikuugusa. Nikaandika kwenye kadi: anaona, mboni sawa, jicho jekundu. Kisha nikamwambia apumzike wodini hadi daktari arudi kesho. Laiti ningeandika kweli, mhudumu angemfuata daktari kwa baiskeli saa ile ile.

Alasiri mama mmoja alimleta binti yake mdogo, macho yamevimba. Nikamwambia ajifunike jicho moja, nikainua vidole, na kale katoto kakachungulia katikati ya vidole vyake. Nikacheka, nikakakanya. Halafu nikakumbuka. Asubuhi, kiganja cha mzee nani alikuwa anakitazama?

Woga ulionishika siku ile sijapata kuuona tena. Nilimwogopa Sista, niliogopa kufukuzwa, niliogopa posa kuvunjika, na kuliko yote niliogopa kufika pale wodini nikaone. Miguu ilinipeleka tu. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nisamehe. Lazima nikutazame."

"Nilichungulia, mwanangu," akasema. "Niliona haya. Nilitaka yaishe upesi, utoke mbele yangu."

Safari hii nilimfunika jicho zima kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa.

"Vingapi, baba?"

"Sioni kitu."

Nikamulika. Kwenye kioo cha jicho palikuwa na doa jeupe, usaha umetuama chini yake, na mboni haikusogea hata kidogo. Nilimwita mhudumu kwa sauti iliyowashtua wagonjwa wote, akapanda baiskeli kumfuata daktari.

Daktari alifika usiku ule akitweta, akasema tumechelewa. Jicho lile likiachwa, litaliharibu na la pili. Asubuhi wakalitoa. Sista aliisoma kadi yangu mara mbili, akaninyang'anya tochi, akanirudisha kufua mashuka na wanafunzi wapya. Haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mzee hakumwambia mtu yeyote kwamba asubuhi ile sikumtazama, hata mwanawe.

Tukaoana. Kila nilipompelekea mzee chakula barazani, alikigeuza kigoda chake, upande wa kulia ukanielekea, ule usio na jicho. Alisema hivyo ndivyo vizuri, yeye hanioni, kwa hiyo mimi naweza kumtazama bila kuvunja adabu. Nami nilimtazama, siku zote alizoishi.