Mkwe Alipomfunga Mavyaa

Jumamosi wanawake wa mtaa wetu hapa Lamu tulishindana kucheza sataranji uani kwa jirani, mabuibui tumeyatundika, redio imezimwa. Mchezo wa mwisho ukamkutanisha bingwa wetu wa siku zote na msichana wa kijiji cha Mbwajumali, mke mpya wa mwanawe. Yaani mtu na mavyaa wake!

Sote tulijua atakayeshinda. Lakini bingwa, kwa kumdharau mkwewe, akamwacha mfalme wake wazi. Msichana akainua farasi, akaiona nafasi. Kisha akamtua farasi pembeni pasipo maana, akainamisha kichwa.

Mavyaa akamchukua yule farasi, akamrudishia mkononi.

"Heshima yako naiona kila siku jikoni, mwanangu. Hapa nataka akili yako."

"Niwie radhi, mama."

"Radhi zangu unazo. Cheza."

Akacheza, mavyaa akafungwa. Njiani bibi huyo akawa anamwambia kila anayemsalimu, "Mkwe wangu kanifunga!" kama aliyepata mjukuu.

Mavyaa wangu mimi, pilau yangu ikitoka nzuri, huusifu mchele.