Chura wa Dada

Majirani zangu wa Kihesa waliniita Mama Vyura, na jina hilo lilinikera kweli. Sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa msichana wa maabara katika hospitali moja ya misheni nje ya mji wa Iringa, katikati ya miaka ya sabini, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kutunza vyura kwenye pipa lililokatwa, nyuma ya jengo. Majirani nikawa nawajibu ovyo. Lakini vyura wenyewe niliwapenda, hasa mmoja mwenye jicho bovu aliyeninunia kila nilipomshika. Na mimi nilimnunia.

Kazi yao ilikuwa kupima mimba. Siku zile hapakuwa na vijiti vya duka la dawa. Mwanamke alileta mkojo wake wa asubuhi, tukamdunga chura dume kidogo tu chini ya ngozi, tukangoja saa chache. Kama mwanamke ana mimba, katika mkojo wake kuna kitu ambacho mwili wa chura unakielewa, naye huachia mbegu zake za kiume. Ukichukua tone la majimaji yake ukaliweka chini ya hadubini, unaziona zinakimbia. Kama hana mimba, tone ni tupu. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo nashangaa, kwamba mwanamke wa Mbeya na chura wa mferejini Iringa waliweza kuelewana bila mkalimani.

Mwanamke huyo wa Mbeya alikuwa dada yangu. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Zaidi ya mara moja alidhani amepata, kisha damu ikaja, na sasa siku zake zilikuwa zimepita tena. Wazee wa ukoo wa shemeji walikuwa wamekwishakaa kikao: kama safari hii hakuna kitu, shemeji angetafutiwa mke mwingine baada ya mavuno. Basi dada akaja Iringa kwa basi, na aliyemsindikiza alikuwa mama mkwe wake. Nilipomwona yule mama anashuka na kikapu cha ndizi, nilikata tamaa. Nilijua katumwa kusimamia. Nilimpokea kwa adabu zote, na moyoni sikumtaka kabisa.

Kesho yake alfajiri mama mkwe alitoa chupa kikapuni, safi, inang'aa, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Alikuwa ameibeba kutoka kwake. Dada akaijaza, tukapanda nayo basi sote watatu mpaka hospitali. Nilimchagua yule mwenye jicho bovu, kwa sababu ndiye niliyemwamini. Nikamdunga. Hata sindano sijaiweka chini, akanyoosha miguu, akatetemeka, akafia mkononi mwangu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, ameona kila kitu.

"Basi," alisema. "Nimeshajibiwa."

"Hujajibiwa kitu!" nilimfokea. "Chura amekufa, hajasema!"

Nilimfokea kwa sababu niliogopa, na kwa sababu yule chura nilikuwa namlilia. Nikainusa chupa, sikusikia harufu ila ya mkojo. Nikalichimba gunzi kwa ukucha, nikalinusa. Mafuta ya taa.

"Mama," nikamwuliza mama mkwe, "chupa hii ilikuwa ya nini?"

"Ya mafuta ya taa. Lakini nimeosha na majivu, nimeosha na maji ya moto, mpaka mikono imeuma! Nimechagua hiyo sababu gunzi yake inabana. Isije mwagika kwenye basi, mtoto wangu akaaibika mbele ya watu."

Chupa alikuwa ameiosha, gunzi hakulibadilisha. Mkojo ulikuwa umetikisika nalo njia nzima.

"Chura yenu nimeiua mimi," alisema, machozi yanamtoka. "Muandike hivyo. Msiseme ni huyu." Hapo nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi la Mbeya.

Asubuhi iliyofuata nilileta glasi ya hospitali niliyoichemsha mwenyewe. Dada akagoma. Alikaa kitandani kwangu amejifunika kanga mpaka kichwani.

"Sitaki kuua mwingine, mdogo wangu. Nirudi tu, wafanye wanavyotaka."

"Utarudi na neno gani?" mama mkwe alimwuliza. "Wale wazee wakikuta umenyamaza watajisemea wenyewe. Amka ukojoe, mwanangu."

Nilicheka, siwezi kukataa. Dada naye akacheka chini ya kanga, akaamka.

Chura wa pili hakufa. Alikaa kwenye beseni anatutazama kama mzee aliyecheleweshewa chai, na sisi watatu tukamtazama. Mchana nikachukua tone, nikainama kwenye hadubini. Zilikuwapo, tele, zinakimbia huku na huko. Utaratibu ulikuwa majibu yatoke kwa daktari, lakini uso wangu haukumngoja daktari. Nikamvuta dada achungulie.

"Hawa ndio watoto?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wa chura hao! Wako yuko tumboni."

Akakaa sakafuni palepale, analia na kucheka. Mama mkwe hakutaka kuchungulia. Alikwenda kwenye beseni, akapiga magoti kama wanavyowaamkia wakubwa kwao, akamwambia chura kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo." Asante sana. Siku zote mimi sikosi utani, lakini pale sikuwa nao. Nilimpenda yule mama, na nilijionea haya kidogo.

Yaliyofuata nilihadithiwa na dada, nilipokwenda Mbeya kumbeba mtoto. Siku ile waliporudi, wazee walikuwa wamekaa uani wanawangoja. Dada akasema ana mimba. Wakamwuliza, nani amesema? Akashikwa na kigugumizi, maana angetaja chura wangemcheka na kumwita mwongo. Na mimba kama ingeharibika tena, aliyesema ndiye angebeba lawama. Mama mkwe alitua kikapu chini, akaja akasimama mbele yake.

"Nimesema mimi," akawajibu.