Lalamiko Lililoanza kwa Salamu

Mimi ni mtu wa Mombasa na nina mdomo. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa. Hapa London nafanya kazi kwenye kampuni ya bima, katika kitengo kidogo kinachokusanya takwimu za kumpelekea mdhibiti, yaani chombo cha serikali kinachozichunga kampuni za bima zisiwaonee wateja. Kila kipindi tunamwambia tumepokea malalamiko mangapi, ya nini, na tumeyajibu vipi. Kazi kavu kama mkate wa juzi. Lakini kuna kanuni yake moja naipenda: mteja akionyesha kwamba hajaridhika, kwa mdomo au kwa maandishi, awe na haki au asiwe nayo, hilo ni lalamiko. Likishahesabiwa, kampuni inalazimika kulichunguza na kumjibu. Lisipohesabiwa, mteja anasubiri mpaka achoke mwenyewe.

Kabla ya kutuma takwimu huwa tunasikiliza baadhi ya simu zilizorekodiwa, kuona kama zimewekwa kwenye fungu lake. Asubuhi moja nikamsikia mama mmoja Mkongo, Kiingereza chake cha polepole. Alimsalimia mpokea simu, akamuuliza habari za kazi, habari za wazazi, na mwenzake hajui ajibu nini. Kisha akaomba radhi kwa kusumbua. Bomba la jirani wa juu lilikuwa limepasuka, maji yakamwagika chumbani kwake huko Thamesmead, godoro likaoza. Aliahidiwa mtu wa kuja kukagua, hajamwona. "Lakini si kitu," akasema, "najua muna kazi nyingi. Mungu awabariki." Mpokea simu akaandika kwamba mteja ameulizia na ameridhika.

Ameridhika! Lo, damu ilinichemka. Nikazitafuta simu zake nyingine, zote ni hizo hizo: salamu, samahani, asante. Zote zimeandikwa maulizo, hakuna hata moja iliyoandikwa lalamiko. Sasa jamani, kwetu mtu mzima hakuvamii na shida yake mlangoni. Anakujulia hali kwanza, anaizunguka shida, anaigusa kidogo, halafu anakuachia wewe mwenye adabu uishike. Mama akisema "si kitu" mara ya pili, ujue kuna kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini huku walikuwa wanasubiri apige kelele, na yeye kwa malezi yake hawezi kumpigia kelele mtoto wa watu.

Nikaenda kwa meneja wangu. Ni Mwingereza, si mtu mbaya, ila mambo kwake lazima yakae kwenye mstari.

"Lakini ametushukuru," akasema. "Nimwambie mdhibiti kwamba shukrani ni lalamiko?"

"Mwambie hatusikii vizuri," nikamjibu.

Masikio yakamwiva. Akanipa njia moja tu: nimpigie mama yule kwenye simu inayorekodiwa, nimuulize. Akisema hajaridhika, anahesabiwa. Akisema yuko sawa, basi, maana takwimu zinakwenda Ijumaa.

Nikapiga. "Shikamoo mama."

"Ee! Mutu wa Swahili!" Alicheka kwa furaha hata nikasahau kidogo kilichonipeleka. Tukasalimiana vya kutosha, kisha nikaharibu. Nikamuuliza kavukavu: je, mama, unailalamikia kampuni?

"Apana, apana," akasema haraka. "Mimi silalamike. Hiyo mambo inaenda wapi? Kwa serikali?"

"Kwa mdhibiti wa bima, mama. Ndiyo, ni watu wa serikali."

"Basi niache, mwanangu. Mimi nilikuja hapa kwa kuomba. Nilingojea karatasi miaka mingi. Jina yangu isiende huko na ubaya."

Nilisikia uchungu. Nikamweleza kwamba jina haliendi, inakwenda hesabu tu, na wale wa vibali vya wakimbizi ni wengine kabisa. Hakuniamini. Serikali ni moja, akasema. Ningekata simu pale, angebaki na chumba chake kilichooza na kwenye faili angekuwa mteja mwenye raha. Ng'o, sikukubali. Nikaacha mambo ya kulalamika, nikamuuliza kama mtoto anavyomuuliza mamake: unalala wapi?



"Kwa kiti," akasema.

Halafu ikatoka yote. "Nafanya kazi ya kuchunga wazee. Nawaogesha, nawageuza, nawapaka mafuta ya mugongo. Nikirudi nyumbani, mugongo yangu haina fasi ya kulala. Munaniambia leo, munaniambia kesho. Iko vibaya. Iko vibaya sana." Kisha akajirudi. "Nisamehe, mwanangu. Nimesema mubaya?"

"Umesema vizuri, mama," nikamwambia, na machozi yananilengalenga, nikayafuta kwa mkono wa sweta.

Meneja alimtafuta mkalimani wa nje atafsiri, asije mtu akasema nimetia chumvi. Ni sawa, hata mimi ningefanya hivyo. Tafsiri ilipofika aliisoma, akarudi pale penye mgongo, akapasoma tena. "Badilisha," akasema. "Liandikwe lalamiko."

Nami sikuondoka. Nikamwambia hili si la mama mmoja. Simu zote zilizofungwa kama maulizo zisikilizwe upya, maana wapole wa mji huu si Wakongo peke yao. Akasema Ijumaa haitungoji. Nikasema basi tuombe muda na tueleze kwa nini. Nikamkalia kooni mpaka akavuta kiti, akaandika mwenyewe kwa mdhibiti kwamba hesabu zetu za nyuma zilikuwa pungufu. Wakubwa zake walimnunia wiki nzima. Tukakaa, tukasikiliza, na malalamiko yakaongezeka hata nikaona haya kwa niaba ya kampuni.

Siku tuliyotuma nikampigia mama. Nikamwambia mkaguzi anakuja Jumatatu, na safari hii nimeongea naye mwenyewe. Nikamwambia pia kwamba amehesabiwa, na jina lake halikuandikwa popote.

"Kwa hiyo huko kwa serikali," akauliza taratibu, "hawajui ni mimi?"

"Hawajui, mama."

"Lakini wanajua kuko mutu amekasirika?"

"Hilo wanalijua."

Akavuta pumzi. "Basi uwaambie amekasirika sana."